Hapa Hatuongei Siasa

Kila grupu lina ile sheria. Iko juu kabisa, imeandikwa na admini aliyechoka: hapa hakuna siasa, hakuna dini, hakuna kuforwadi vitu. Wengi hudhani ni sheria ya juzi, kitu cha WhatsApp na msimu wa kura. Sio ya juzi. Watu wa sayansi walikuwa nayo karibu miaka 380 iliyopita, kabla hata neno mwanasayansi halijazaliwa, na walioitunga walikuwa na sababu nzito kuliko kelele za mjomba asiyelala. Nje ya mlango wao, watu walikuwa wanauana.

Twende London, mwaka wa 1645 hivi. Uingereza iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja kuna Mfalme Charles wa Kwanza na jeshi lake, upande wa pili kuna Bunge na jeshi lake. Na vita hivyo si vya siasa peke yake, dini imo ndani. Ukisali hivi wewe ni msaliti, ukisali vile wewe ni msaliti wa aina nyingine. Katikati ya moto huo, kikundi kidogo cha wanaume kinaanza kukutana kila wiki, mara nyumbani kwa daktari mmoja, mara kwenye baa moja ya Cheapside, mara katika Chuo cha Gresham. Wanataka kuongea juu ya damu inavyozunguka mwilini, miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii, na uzito wa hewa.

Mmoja wao, mwanahisabati John Wallis, aliandika miaka mingi baadaye jinsi walivyojipanga. Mnakutana siku maalum, saa maalum. Asiyetokea anapigwa faini. Kila mtu anachanga kitu kidogo cha kulipia majaribio. Mkenya yeyote akisoma hiyo orodha anaitambua mara moja: hii ni chama. Halafu kuna sheria ya mazungumzo: hakuna dini, hakuna mambo ya serikali, hakuna habari za mjini isipokuwa zile zinazogusa kazi yenu.

Sasa angalia ni nani walikuwa wanasema hakuna siasa. Wallis mwenyewe alikuwa anafanyia Bunge kazi ya kufumbua barua za siri za watu wa mfalme zikinaswa njiani. Daktari Jonathan Goddard, ambaye nyumba yake ilitumika kwa mikutano, alikuja kuwa daktari wa Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge. John Wilkins, kasisi aliyependa mashine na hesabu za mwezi, baadaye alimwoa dada yake Cromwell. Hawa hawakuwa watu wasio na siasa. Walikuwa nayo mpaka kooni. Sheria yao haikusema siasa ni upuzi. Ilisema: siasa yetu ikiingia chumba hiki, chumba chenyewe kitakwisha.

Hiyo tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kuna mtu husema "tusiongee siasa" kwa sababu hali ilivyo inamfaa. Na kuna watu husema hivyo kwa sababu wanajua wakianza, hawatamaliza wakiwa wote hai. Ya pili ni mapatano ya amani. Lakini mapatano ya amani huwalinda waliokaa mezani peke yao, na hapo ndipo stori yetu itakuja kukwama.

Mfalme alikatwa kichwa Januari 1649. Cromwell akatawala, akafa, na mwaka wa 1660 mtoto wa mfalme akarudishwa kwenye kiti. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, baada ya mhadhara wa Christopher Wren katika Chuo cha Gresham, watu 12 walikaa chini na kuamua kuunda chama rasmi cha majaribio. Ndicho kilichokuja kuitwa Royal Society. Katika wale 12 alikuwemo Wilkins, shemeji ya Cromwell, na pia Sir Robert Moray, askari na rafiki wa mfalme mpya. Miezi miwili baadaye, maiti ya Cromwell ilifukuliwa na kutundikwa hadharani. Fikiria kukaa meza moja na mtu ambaye upande wake umefanya hivyo kwa mwili wa shemeji yako, halafu mnajadili pampu ya hewa. Sheria ya 1645 ilikuwa bado inafanya kazi.

Mfalme akawapa hati mwaka wa 1662, na ndani ya hati hiyo kuna ruhusa moja ya maana sana kwetu: chama kiliruhusiwa kuandikiana na watu wa nchi za nje, mradi ni mambo ya falsafa, hisabati na ufundi. Yaani serikali yenyewe ndiyo iliandika mpaka wa mazungumzo. Barua ya nyota, sawa. Barua ya jeshi, shauri yako.

Mtu wa kulinda huo mpaka aliitwa Henry Oldenburg. Mjerumani wa Bremen, alifika Uingereza mwaka wa 1653 kama mjumbe wa mji wake kwa Cromwell, akabaki. Alifundisha watoto wa matajiri, akazunguka Ulaya na mwanafunzi wake aliyekuwa mpwa wa Robert Boyle, akarudi na lugha nyingi na majina mengi kwenye daftari. Mwaka wa 1662 akawa katibu wa Royal Society pamoja na Wilkins. Mshahara? Haukuwepo. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo alifanya kazi bure, kisha chama kikaanza kumlipa pauni 40 kwa mwaka. Yeyote aliyewahi kuambiwa "tutakupa exposure" anamwelewa huyu mzee.

Kazi yake ilikuwa barua. Hevelius wa Danzig anaandika kuhusu mwezi na vimondo, Huygens anaandika kuhusu saa, Malpighi wa Bologna anachunguza viungo vya mwili, Spinoza anaandika kutoka Uholanzi. Oldenburg anapokea, anatafsiri, anasoma mbele ya mkutano, ananakili, anatuma kwa yule ambaye barua itamfaa au itamkasirisha vya kutosha ajibu. Kabla ya kuwa na jarida, sayansi ya Ulaya ilipita mezani kwa mtu mmoja.

Ni rahisi kusema "tuandikiane mambo ya falsafa tu". Barua halisi haiji hivyo. Mtu anakuandikia juu ya darubini yake mpya, halafu aya ya tatu anakwambia jeshi la Ufaransa limepita hapo jana. Oldenburg alikata hizo sehemu kabla ya kusoma barua hadharani. Lakini hakuzitupa. Siku zile anayepokea barua ndiye hulipa posta, na barua za ng'ambo zilikuwa ghali kwa mtu asiye na mshahara. Akafanya mpango: barua zake ziandikwe kwa jina la Grubendol, ambalo ni Oldenburg limekorogwa herufi, na zipitie ofisi ya serikali. Serikali ikabeba gharama, naye akawapa habari za kisiasa zilizomo. Kwa hivyo mlinzi wa sheria ya "hakuna siasa" aliendesha kazi yake kwa kulipwa na siasa. Sisemi hivyo kumchafua. Nasema hivyo kwa sababu mara nyingi, ukifuatilia ni nani analipia chumba kisicho na siasa, utakuta siasa iko pale mlangoni ikishika risiti.

Tarehe 6 Machi 1665 Oldenburg alitoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions. Kurasa 16. Ndani: doa lililoonekana kwenye Mshtarii, lenzi mpya kutoka Roma, ndama aliyezaliwa na kasoro za ajabu, madini ya risasi kutoka Ujerumani, uvuvi wa nyangumi huko Bermuda, saa za kutumia baharini. Ukilisoma leo linafanana na mtu anayefungua tabu 30 kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mada. Kulikuwa na namna: nani aliona, wapi, lini, kwa chombo gani.

Siku chache kabla ya toleo hilo, baraza la chama liliamua kwamba Oldenburg alichapishe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kama ana vitu vya kutosha, na kwamba baadhi ya wanachama wasome kwanza kabla ya baraza kutoa kibali. Sentensi moja tu hiyo, lakini ndani yake mna mbegu ya kila mhariri na kila mkaguzi wa makala za sayansi aliyekuja baadaye.

Walikuwa na mfano hai wa kuwaonya. Paris ilikuwa imetangulia kwa miezi miwili: Denis de Sallo alianza Journal des sçavans tarehe 5 Januari 1665. Yeye alikuwa anakosoa vitabu bila breki, pamoja na vile vilivyogusa ugomvi wa kanisa la Ufaransa na Roma. Baada ya matoleo 13 tu alinyang'anywa kibali. Jarida lilirudi mwaka uliofuata likiwa na mhariri mwingine, mtulivu zaidi. Kwa hivyo Oldenburg alipoacha dini na siasa nje ya kurasa zake, hakuwa mwoga bila sababu. Alikuwa ameona jirani amenyolewa, naye akatia maji kichwani.

Haikusaidia. Juni 1667 meli za Waholanzi ziliingia mto Medway, zikachoma meli za kivita za Uingereza na kuiburuta bendera yao, meli ya Royal Charles, mpaka nyumbani kwao. Aibu kubwa. Serikali ikaanza kutafuta wa kulaumiwa, na hapo London kulikuwa na Mjerumani anayeandikiana kila wiki na watu wa Paris na Uholanzi. Tarehe 20 Juni Oldenburg alitiwa ndani ya Mnara wa London, akidaiwa kuwa na njama za hatari. Samuel Pepys, mwenye ile shajara maarufu, aliandika kwamba kosa la jamaa ni kumpelekea habari rafiki yake msomi wa Ufaransa. Inaonekana aliilalamikia serikali ilivyoendesha vita, ndani ya barua.

Alikaa ndani zaidi ya miezi miwili. Waliomtoa si sheria ya chama wala hati ya mfalme. Amani ilisainiwa Breda mwezi wa Julai, hasira zikapoa, na mwisho wa Agosti akaachiliwa. Alimwandikia Boyle baadaye kwamba kifungo kilimfundisha rafiki wa kweli ni yupi. Kisha akarudi mezani, akaendelea kujibu barua.

Hapa ndipo naona mipaka ya ile sheria ya kwanza. Wewe unaweza kuahidi kutoongea siasa. Siasa haijakuahidi kutokuongelea wewe.

Sheria ya pili haikuhusu mada. Ilihusu adabu, na aliyeijaribu hasa ni Isaac Newton. Februari 1672, Newton, kijana wa miaka 29 wa Cambridge, alimwandikia Oldenburg barua kuhusu mwanga. Alidai kwamba mwanga mweupe si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa rangi, na kioo cha pembetatu kinazitenganisha tu. Ilisomwa tarehe 8 na ikachapishwa mwezi huohuo. Robert Hooke, mtu wa majaribio wa chama, aliandika majibu ndani ya wiki moja: mengi ya haya nayajua, na hoja yako kuu haijathibitishwa.

Chama kikafanya jambo la busara. Kilikataa kuchapa majibu ya Hooke pamoja na barua ya Newton, ili kijana asione amedharauliwa kwa kukanushwa haraka hivyo. Halafu Oldenburg akamwomba Newton jambo lingine: ukijibu, jibu hoja, usitaje majina ya Hooke na Pardies, yule padri wa Ufaransa aliyekukosoa pia. Tunatafuta ukweli, hatuko hapa kuwaanika watu kwa makosa yao.

Newton alikubali mwanzoni. Kisha miezi ikapita, hasira ikaiva, na jibu lilipofika kiangazi lilikuwa limejaa jina la Hooke kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata Newton aliomba kabisa atolewe kwenye chama. Alibembelezwa akabaki, ila kitabu chake cha mwanga alikikalia mpaka mwaka wa 1704. Hooke alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Watu hupenda kusema sayansi haina hisia. Hapa kitabu kimoja cha maana kilicheleweshwa miaka 30 kwa beef. Kwa hivyo sheria ya adabu si urembo, na wala si ya kuwapendeza walio laini. Ni ya kulinda kazi isikwame kwa sababu wawili hawasalimiani. Lakini tazama pia udhaifu wake: ilikuwa ombi la katibu asiye na nguvu kwa fundi mwenye hasira. Sheria isiyo na wa kuisimamia ni ushauri.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya nianze kusoma haya yote. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kila nikisikia neno "jumuiya ya kisayansi" swali langu la kwanza ni mlango uko wapi na nani ameukalia. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Hakuwa na chuo kikuu. Hakujua Kilatini, ambacho ndicho kilikuwa Kiingereza cha wasomi wa wakati ule. Alichokuwa nacho ni lenzi ndogo alizojitengenezea mwenyewe, nzuri kuliko za mtu yeyote, na subira isiyo ya kawaida.

Mwaka wa 1673 daktari wa mjini kwake, Reinier de Graaf, alimwandikia Oldenburg: kuna mtu hapa, angalieni kazi yake. Oldenburg alichapisha barua ya kwanza ya Leeuwenhoek mwaka huohuo. Baadaye zikaja nyingine, kwa Kiholanzi cha mtaani, na Oldenburg mwenyewe ndiye alikuwa anakaa chini kutafsiri.

Oktoba 1676 ikaja ile barua. Leeuwenhoek alikuwa amelowesha pilipili manga kwenye maji ili ajue kwa nini inawasha. Kwenye maji hayo akaona viumbe hai, vidogo kiasi kwamba maelfu wangekaa ndani ya tone moja, wanaogelea. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuandika kitu kama hicho. Tunawaita bakteria siku hizi, pamoja na ndugu zao wakubwa kidogo.

Weka hiyo mbele ya mlinda lango yeyote. Muuza vitambaa, bila digrii, kwa lugha isiyo ya wasomi, anadai kuna wanyama elfu nyingi ndani ya tone la maji, na anakataa kueleza lenzi zake anazitengeneza vipi. Kama sheria ingekuwa "tunachapisha watu wenye sifa", barua ingeishia kwenye pipa. Kama sheria ingekuwa "chochote kinachovutia", ingechapishwa pamoja na uongo mwingine wowote. Oldenburg alichagua njia ya tatu. Aliitafsiri, akachapa sehemu zake mapema mwaka wa 1677, na chama kikasema: tunataka kuona.

Leeuwenhoek akaleta mashahidi. Wachungaji, mthibitishaji wa hati na raia wengine wa heshima walichungulia kwenye hadubini zake, wakaandika walichokiona, wakatia sahihi. Wanane kwa jumla. London nako walijaribu kurudia jaribio lenyewe. Walishindwa, wakajaribu tena, wakashindwa. Novemba 1677 Hooke alifanikiwa, na wanachama wakapanga foleni kuchungulia. Mwaka wa 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama kamili. Aliendelea kuandika mpaka mwaka wa kifo chake, 1723.

Ukiniuliza sheria nzuri inafanana vipi, nitakuonyesha hiyo. Haikumuuliza ni nani. Haikumwamini bure pia. Ilimwambia: onyesha, na sisi tutarudia. Hata kauli mbiu ya chama inasema hivyo kwa Kilatini, kwamba usichukue neno la mtu yeyote kwa sababu tu amelisema.

Ningependa kuishia hapo, stori ingetoka safi. Lakini nilisema mapatano huwalinda waliokaa mezani, na lazima nimalize hilo.

Mezani hakukuwa na mwanamke. Margaret Cavendish, aliyeandika vitabu vya falsafa ya maumbile, aliruhusiwa kutembelea mkutano mmoja Mei 1667, akaonyeshwa majaribio kama mgeni, akaondoka. Wanawake wa kwanza walichaguliwa kuwa wanachama mwaka wa 1945. Hiyo ni miaka 285 tangu ule mkutano wa watu 12. Hakuna aliyehitaji kuandika "hakuna wanawake" kwenye orodha ya sheria. Sheria nzito zaidi mara nyingi haziandikwi.

Na kuna Afrika. Transactions ilichapisha orodha za maswali ya kuwapa mabaharia: chunguza upepo, maji, udongo, magonjwa, watu. Mwaka wa 1667 kulikuwa na maswali kuhusu pwani ya Guinea. Nani alikuwa anasafiri mpaka Guinea? Meli za kampuni zilizopewa hati na mfalme yuleyule, na mzigo wao mmoja mkubwa ulikuwa watu wa kuuzwa visiwa vya Karibi. Baadaye katika karne hiyohiyo, Royal Society yenyewe ilikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa.

Sasa rudi kwenye sheria. Maji ya pwani ya Guinea yanapanda na kushuka vipi? Hiyo ni falsafa ya maumbile, karibu. Kwa nini watu wamefungwa minyororo ufukweni hapo hapo? Hayo ni mambo ya serikali, tafadhali usivunje amani. Hakuna aliyelazimika kutetea biashara ile ndani ya mkutano. Ilitosha kwamba haikuwa mada. Kile kilichowaokoa Wilkins na Moray wasichinjane ndicho kilichowaruhusu wote wawili wasimwone mtu wa tatu.

Sidhani jibu ni kufuta sheria. Chumba kisicho na sheria yoyote kinatekwa na mwenye sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa mwaka wa 1667 hakuwa mtu wa Guinea. Jibu liko kwenye swali ambalo wale wa 1645 hawakujiuliza kwa sababu hawakuhitaji: tukikubaliana kunyamazia jambo hili, ni nani analipia huo ukimya, na je, yumo chumbani apige kura?

Oldenburg alikufa Septemba 1677, wiki chache kabla ya wale viumbe kuonekana London. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya shida. Hooke alimshuku kwamba anavujisha siri za chama. Huygens alikuwa ametangaza saa inayotumia springi, Hooke akadai aliivumbua kitambo, na akachapisha maneno makali akimwita katibu mchuuzi wa habari. Baraza lilimtetea Oldenburg hadharani. Lakini mzee alipokufa, jarida likayumba naye. Hooke, aliyechukua ukatibu, hakuliendeleza, na lilifufuka mwaka wa 1683.

Kwa miaka mingi kila katibu aliamua kivyake nini kiingie. Matokeo yalikuwa mchanganyiko, na mwaka wa 1751 mwandishi mmoja, John Hill, alichapisha kitabu kizima cha kuzicheka makala za kipuzi zilizopita humo. Iliuma. Mwaka wa 1752 chama kikachukua jarida rasmi na kuunda kamati: makala zinapigiwa kura ya siri, na ikatangazwa kwamba chama kama chama hakitoi msimamo kuhusu jambo lolote. Kuanzia mwaka wa 1832 wakaanza kuomba ripoti za maandishi kutoka kwa wakaguzi. Tukafika kwenye mfumo ambao hadi leo unaamua makala ya mtafiti wa Kisumu au Oslo itatoka ama haitatoka.

Kamati ni haki kuliko mtu mmoja. Haiwezi kufungwa Mnarani, haina ugomvi wa binafsi na Hooke, haisahau kujibu barua. Lakini sijui ni kamati gani ingekaa usiku kutafsiri Kiholanzi cha muuza vitambaa. Kanuni za nini kiingie na nini kikae nje zinaweza kupigiwa kura, kuandikwa, kubandikwa ukutani. Ile kazi ya kufungua bahasha ya mtu usiyemjua, kwa lugha isiyo ya wakubwa, ukaisoma mpaka mwisho kabla ya kuamua, hiyo haijawahi kuandikwa kwenye hati yoyote. Mtu anaifanya, ama haifanyiki.